Mkono wa Kulia wa Mkunga

Mara ya kwanza mkunga alilipita duka la baiskeli kama mtu anayewahi kwingine. Akarudi, akalipita tena, safari hii akijifanya anatazama ndala zilizotundikwa duka la jirani. Mchana kweupe, mtu mzima na heshima zake, anazungukazunguka kama anayetaka kuiba pampu! Baiskeli yake alikuwa anaikokota pembeni, ile nyeusi yenye kikapu mbele na sanduku la vifaa vya kazi nyuma, na kila aliyepishana naye alimwamkia. Wengine yeye ndiye aliyewapokea duniani. Aliitikia salamu zote bila kumtazama mtu usoni, maana alichokuja kununua kilimtia haya kuliko kama angekuja kununua pombe.

Alikuja kununua kifaa cha kuonyesha njia. Si kitu cha ajabu. Siku hizi unakiona kwenye baiskeli za wale vijana wa suruali za kubana: kidude unakifunga kwenye usukani, kinasikilizana na setilaiti huko juu, kinakuonyesha pa kupita. Sasa wewe ungemwona mkunga nacho ungesemaje? Ungesema, huyu kakanyaga mitaa yote ya mji huu tangu sisi hatujaota meno, kapatwa na nini leo hata ashikwe mkono na mashine? Jibu analo, na ndilo lililokuwa linamchoma. Mkunga hajui kulia na kushoto.

Msicheke. Au haya, chekeni kidogo tuendelee.

Alizaliwa mashoto. Aliyemlea ni shangazi yake, mama mmoja asiyependa makuu, na siku alipomfundisha mikono alimwambia, "Mwanangu, mkono wa kulia ni huo wa kulia chakula. Umesikia? Usinisumbue tena." Mtoto akatazama kijiko chake kiko mkono gani, akaona sawa, akaendelea kula. Kijiko kilikuwa mkono wa kushoto. Shuleni wakamsahihisha, naye akaelewa vizuri tu, hakuwa mjinga. Ila lilikwisha kumwingia kwenye mifupa. Akitulia, akijiambia kimoyomoyo, "Kulia ni ule ambao mimi siulii," anapatia. Akiharakishwa, ameharibu.

Na kwa kazi yake nani angegundua? Mama mjamzito anaambiwa alalie ubavu wa kushoto, mkunga yeye anamwambia, "Lala unitazame mimi." Mtoto amekaa upande gani tumboni? "Amekaa upande huu," na mkono anaweka. Wenzake wengine hujikumbusha kwa saa ya mkononi, lakini mkunga havai saa mkononi, saa yake imening'inia kifuani ili anawe mpaka kwenye viwiko. Hivyo akaishi na siri yake miaka nenda rudi, mitaa yote anaijua kwa nyumba na kwa mbwa wanaobweka, hana hili wala lile. Mpaka zilipojengwa zile nyumba mpya nyuma ya tangi la maji.

Mmeziona nyumba zile. Kuta nyeupe, mageti ya kijani, zimefanana mpaka wenyewe hubisha hodi kwa jirani. Siku hiyo alasiri simu ikalia, mwanamume anahema: "Mkunga, njoo, uchungu umemshika mke wangu, naona mtoto hangoji!"

"Nielekeze," mkunga akasema, mguu uko tayari kwenye pedali.

"Ukifika kwenye tangi la maji kata kulia. Kulia, mama! Utaona shuka jekundu, nakwenda kulifunga getini sasa hivi."

Alifika kwenye tangi akitweta, akakata upande wa mkono anaolia chakula. Akapita mageti ya kijani, mageti ya kijani, mageti ya kijani, shuka jekundu hakuna. Akapiga simu, ikaita kidogo, simu yake ikazima, chaji imekwisha. Akauliza watu, wakamwelekeza kwa mjamzito mwingine kabisa, ambaye bado alikuwa na miezi mbele yake na alishangaa sana. Alipokuja kuliona lile shuka, lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye tangi, upande wa pili. Hata mtu asiyeona vizuri angeliona.

Ndani, kichanga kilikuwa kimeshatoka, kimeangukia mikononi mwa jirani aliyekuja kuazima kitunguu. Mzazi amelowa, anatetemeka, damu inakuja kuliko inavyotakiwa. Hapo sitaki mtu amseme vibaya mkunga: alipiga magoti, mikono yake ikafanya kazi yake, damu ikakoma, mama akarudiwa na rangi, mtoto akalia vizuri. Ni baada ya hayo yote, anajifuta mikono, ndipo mama mzaa mke alipomuuliza. Wala hakufoka. Midomo ilikuwa inamcheza tu.

"Mkunga, ulikuwa wapi? Mwanangu nilikuwa nishamhesabu maiti."

Mkunga akasema, "Baba mtoto aliniambia nikate kushoto."

Basi. Maneno hayohayo. Asije mtu hapa kumtetea kwamba alikuwa amechanganyikiwa; alijua anachokisema. Aliona chumba kizima kinamtazama, akaona jina lake linaanguka pale kwenye sakafu iliyolowa, akalitupia mtu mwingine alidake.

Baba mtoto alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji ya moto. Akafungua mdomo, "Mimi nilisema..." akanyamaza. Akatazama ndoo. "Nilisema kushoto?" akauliza, tena hakumuuliza mkunga, alijiuliza mwenyewe. Kama angekataa, kama angepiga kelele, mkunga angepata nafuu. Lakini yule kijana aliamini. Swali lile lilimganda mkunga kooni kama mwiba wa samaki, na tangu siku hiyo halikushuka wala halikutoka.

Mzazi anatakiwa atembelewe baada ya kujifungua, na hiyo ilikuwa zamu yake. Hakwenda. Alimpa mwenzake wa zahanati, akasingizia mgongo. Mwenzake akawa anarudi na habari, anazieleza huku anacheka.

"Wewe, wamempa jina yule baba! Wanamwita Bwana Kushoto. Mama mkwe ndiye kaanzisha, sasa mtaa mzima. Akitokea tu, 'Bwana Kushoto huyo, msimwulize njia!'"

Mkunga akacheka naye. Alicheka, ndiyo, kwa mdomo wake. Kisha akaenda chooni akafungulia bomba, akakaa humo muda mrefu.

Safari ya mwisho mwenzake hakucheka. "Mke kaondoka," alisema. "Kachukua mtoto, kaenda kukaa kwa mama yake. Anasema mwanamume asiyejua hata kuelekeza watu kwake, siku mtoto akizidiwa ataita gari liende wapi? Kamwambia asimfuate."

Usiku ule usingizi haukuja, na asubuhi mkunga akawa ameamua. Aliamua kununua kifaa cha njia. Sikilizeni vizuri: aliamua kununua, hakuamua kusema. Alijidanganya kwamba asipopotea tena, yale yaliyopita yatajifukia yenyewe. Binadamu tuna mambo! Akapiga moyo konde, akaiegemeza baiskeli ukutani, akaingia dukani.

Duka lilinuka mipira mipya na grisi. Fundi alikuwa ameinama nyuma ya gurudumu lililoning'inizwa, analizungusha na kulitegea sikio. Akainua uso.

Alikuwa baba mtoto.

Mkunga hakuwa anajua anafanya kazi wapi. Wakati ule nani angemuuliza? Miguu ikataka kugeuka yenyewe, lakini kijana alikwisha kutupa kitambaa na kuja mbio, uso wote umefunguka.

"Mama mkunga! Shikamoo mama! Karibu, karibu sana, kaa hapa." Akampangusia kiti kwa mkono wa shati lake. "Nilikuwa nataka kuja zahanati kukushukuru, nikaona haya. Kwa yale niliyokufanyia."

"Marahaba," mkunga akasema.

"Una shida gani, mama? Breki?"

Angeweza kusema breki. Angeweza kusema breki akaondoka zake! Lakini kijana alikuwa amekwisha kufuata macho yake mpaka kwenye kabati la kioo, na uso ukamshuka taratibu.

"Ah. Umekuja kutafuta jipiesi." Akakuna shingo. "Ni kwa sababu yangu, siyo? Nimekutia hofu mpaka huamini tena watu kukuelekeza. Usijali mama, nitakuchagulia mwenyewe. Isije ikakutokea tena kama nilivyokupotosha mimi."

Akapanga vitatu juu ya meza, anavifuta kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, ramani ya rangi, mito, vilima, mpaka mapigo ya moyo ya mwendeshaji. "Mapigo ya moyo nitajipima mwenyewe," mkunga akasema, na kweli yalikuwa yanamwenda mbio. Cha pili cha wastani, kinasema kwa sauti ya mwanamke. Cha tatu kidogo, kinaenea kiganjani, hakina ramani wala sauti. Skrini yake ina mshale mmoja tu, unageuka kule unakotakiwa kwenda.

"Nipe hiki," mkunga akasema haraka, mkono uko kwenye kile kidogo.

"Hicho? Hapana mama, hicho cha watu wanaozurura Jumapili. Bubu kabisa. Kwanza, kwa nini usitumie simu tu?"

"Simu yangu lazima iwe na chaji. Wakinipigia nisipatikane je?"

"Kweli, umenishinda hapo. Basi chukua kinachosema. Wewe kazi yako ya haraka, macho yawe barabarani, masikio yafanye kazi."

"Kelele zitaniudhi, baba."

"Unapunguza sauti." Akakiinua kile cha wastani, akashusha sauti yake mwenyewe. "Nisikilize, mama. Wewe ulipotezwa na maneno ya mtu aliyepagawa. Hiki hakipagawi. Kikisema kulia ni kulia. Mimi mwenzio nimekuwa nikiirudia ile simu kichwani kila siku. Kila nikiirudia najisikia nasema kulia. Kulia, mama, nasikia kabisa! Sasa naogopa, maana kama mtu anajisikia anasema hivi kumbe alisema vile, huyo mtu ana akili timamu kweli? Mteja akiniuliza choo kiko wapi nampeleka mwenyewe. Nimeacha kuelekeza watu."

Mkunga alitamani sakafu ipasuke immeze na kiti chake. Maneno yalimfika mpaka kwenye meno, akayarudisha. Alichoweza kusema ni, "Haya, nifungie nikijaribu." Mnaona? Afadhali kuendesha baiskeli kuliko kusema.

Fundi akakifunga kwenye usukani, akakipangia safari fupi ya kuzunguka mtaa na kurudi dukani, akasimama mlangoni amefumbata mikono. Kinyozi wa jirani na wateja wake nao wakatoa vichwa, maana mkunga akipanda baiskeli yenye kidude kipya ni sinema ya bure.

Mkunga akakanyaga pedali. Ule ambao siulii, akajiambia, ule ambao siulii. Kona ilikuwa palepale mbele, wote wanaiona. Yule mwanamke wa ndani ya kifaa akasema, sauti tamu kabisa, "Kata kulia." Pikipiki ikapiga honi nyuma. Macho ya kijana alikuwa anayasikia mgongoni kama jua. Kulia. Kulia. Akakata kushoto.

"Geuza," kifaa kikasema. "Geuza. Geuza."

Kwa kinyozi wakaangua kicheko. "Mkunga, mwanamke mwenzio anakuita!" mmoja akapaza sauti. Mkunga akashuka, akasimama katikati ya barabara na kile kidude kinaendelea kumgombeza mbele za watu, hajui kinavyozimwa.

Fundi alikuja anakimbia, anatweta, na la kwanza kutoka mdomoni mwake lilikuwa pole. "Samahani mama! Samahani sana! Bovu hili, hebu tazama lilivyokutenda, linasema hivi linamaanisha vile. Lina ugonjwa kama wangu." Akacheka, kicheko kisicho na furaha yoyote, akaanza kulifungua. "Nitalirudisha kwa wenyewe. Usilipe hata kitu. Bovu!"

Mlango huo hapo, umefunguliwa tena. Ilitosha aseme tu, "Kweli, bovu," aende zake nyumbani. Safari ya kwanza lawama alimtwisha mtu, safari hii angeitwisha mashine, nayo mashine haina mke wa kuondoka. Nani angeumia? Mkunga alimtazama kijana anavyohangaika na ile skrubu, vidole vyeusi vya grisi, anakilaumu kitu kizima kisicho na kosa kwa sababu tu mkunga hawezi kuwa na kosa. Akaona hapana.

"Halina ubovu," alisema.

"Mama?"

"Liache. Halina ubovu." Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka kijana akainama kumsikia. "Niulize mkono wangu wa kulia ni upi. Niulize haraka, nisipate muda wa kufikiri."

Fundi akatabasamu kidogo, akidhani anataniwa. "Mkono wa kulia upi, mama?"

Mkunga akainua wa kushoto.

Alibaki ameuinua vile, juu, kama mtoto darasani. Tabasamu la fundi likakaa pale usoni muda kidogo, halina pa kwenda. Akautazama mkono. Akaitazama kona. Ndipo taratibu mkunga akauona ukweli unavyopanda usoni mwake, na hakuna dawa ya kumzuia mtu asielewe.

"Nilisema kulia," kijana akasema.

"Ulisema kulia. Tena mara mbili. Nilikusikia."

"Ulinisikia." Akarudi nyuma hatua. "Ulikuwa unajua? Siku ileile, mimi nimeshika ndoo, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Kwa kinyozi hawakucheka tena. Hawakusikia maneno, lakini waliziona nyuso. Mkunga alitaka kueleza habari za shangazi na kijiko, akaona aibu hata ya kueleza, maana kutojua mkono si kosa, na kijana hakuumizwa na mkono. Akasema tu, "Nisamehe, mwanangu."

"Usiniite mwanangu sasa hivi." Hakufoka, na ingekuwa heri afoke. Macho yalikuwa yamemjaa. "Mtoto wangu ameanza kucheka. Naambiwa. Naambiwa na watu, mama, kwamba mtoto wangu ameanza kucheka."

Akaikokota baiskeli mwenyewe mpaka dukani. Mkunga akamfuata nyuma kama mfungwa, hakuna aliyemwambia afuate. Fundi akakifungua kile kinachosema, akakirudisha kabatini. Akachukua kile kidogo, bubu, chenye mshale, akakifunga katikati ya usukani, akakikaza vizuri kuliko ilivyohitajika. Akabonyeza, akaandika jina la mtaa, akabonyeza tena. Mshale ukazinduka, ukayumba kidogo, ukatulia.

"Hiki hakijui kulia wala kushoto," alisema bila kumtazama. "Unaufuata tu unakogeukia. Nimekiwekea kwa mama mkwe."

"Twende wote," mkunga akasema.

"Hapana. Nikija na wewe watasema nimekununua."

Akashika tena gurudumu lake, akalizungusha, akalitegea sikio. Mkunga akatoka.

Mshale ulimpeleka bila kosa. Ulikuwa ukigeuka, naye anageuka. Hakuna neno, hakuna kulia, hakuna kushoto, rahisi mpaka inaudhi. Maisha yake yote alikuwa anahitaji kitu kidogo namna hii, na alikuwa amekwepa kukitafuta kwa kuogopa tu kuulizwa ni cha nini. Uso ulimwaka njia nzima. Alipunguza mwendo kwenye kilima pasipo na sababu, akashuka kukaza kamba ya sanduku iliyokuwa imekaza, akatamani mvua, akatamani pancha, akatamani apotee. Mshale ukawa unamngoja, kisha unamwonyesha tena palepale. Safari hii asingeweza hata kusema njia imemchanganya.

Geti lilikuwa wazi. Uani kamba imejaa nepi, na ndani kichanga kinapiga kelele za kushiba. Mama mzaa mke alikuwa anaanua nguo. Alipomwona akaangusha vibanio vyote kwenye beseni, akafungua mikono.

"Haa! Mkunga! Mwanangu, toka uone nani huyu!" Binti akatokea mlangoni na mtoto begani. "Jamani mkunga, umepotea! Umepotea sana!"

Mkunga alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Nimepotea, mama," akasema. "Hata siku ile nilipotea mwenyewe. Mkweo aliniambia kulia."